Kihenge Juu ya Ghorofa

Imelda Nzunda alikuwa mtu wa kucheka kabla hujamaliza kumweleza jambo, na kwa tabia hiyo aliuza masufuria mengi kuliko wenzake waliokaa vibarazani wamenuna. Duka lake lilikuwa Tunduma, mtaa wa pili kutoka barabara ya malori. Nusu ya wateja wake walikuwa Wazambia waliovuka kwa miguu, wakaingia na salamu yao ya "Mulishani, mayo", wakatoka na mabeseni vichwani. Alizaliwa Hasamba, wilayani Mbozi, kwenye kahawa na mahindi, akaolewa, akafiwa na mume, akamsomesha binti yake Diana mpaka akapata kazi Dodoma, na katika yote hayo hakuna aliyemsikia akisema amechoka. Alichokuwa akisema, tena kwa sauti, ni kwamba iko siku atajenga ghorofa.

Akajenga. Kibali cha ujenzi kilisema wazi: maduka mawili chini, ghorofa moja ya kuishi juu yake, basi. Mtaa ule uliruhusiwa kuchanganya biashara na makazi katika jengo moja, ila si kwenda juu zaidi ya hapo, maana viwanja ni vidogo na jua ni la wote. Imelda alikisoma, akakikubali, na fundi akakifuata. Nyumba ikasimama, ikapakwa rangi ya chungwa iliyoonekana tangu stendi, na watu wakaanza kumwita Mama Ghorofa. Alijifanya hapendi jina hilo. Alilipenda kweli kweli.

Mambo yangeishia hapo kama si goti la mama yake.

Mama huyo, Bibi Enesi, alikuwa akiishi peke yake Hasamba. Mwanawe wa kiume, Boazi, jembe lilimchosha mapema, akaenda Mkwajuni kwenye dhahabu, na kila msimu wa kupanda alirudi na pikipiki nyingine na hadithi ileile. Masika moja Bibi Enesi aliteleza uani akitoka kulisha kuku, akalala kwenye tope tangu asubuhi mpaka jirani alipopita kuomba moto. Goti likavimba, likapona nusu. Imelda akaenda kumchukua. Mama akakataa, na aliendelea kukataa siku hadi siku, huku akipokea uji wa bintiye na kuusifu.

Kwa Bibi Enesi na wanawake wa rika lake, mwanamke na kihenge chake cha nafaka hawatenganishwi. Mume hachoti humo, mwana hachoti humo, mkwe ndiyo kabisa. Mwenyewe hufungua, mwenyewe hupima kwa mkono wake, na anayetaka mahindi huja kuomba kwa adabu. Mwanamke asiye na kihenge, hata akae miaka kwa mwanawe, ni mgeni tu, na mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

"Nitakuja," alisema mwishowe, "kihenge changu kikitangulia. Siku kikiondoka, na mimi nimeondoka. Nitarudi hapa hapa, hata kama goti limekatika."

Imelda alikubali kwanza, akafikiri baadaye, kama kawaida yake. Alifikiri ndani ya basi akirudi. Uani hapakuwa na nafasi hata ya kuanika shuka. Vyumba vya chini vilikuwa viwili, kimoja cha masufuria na kingine cha mabeseni na ndoo, na vyote vilijaa mpaka juu. Kutoa kimoja kungemuuma. Alipofika nyumbani akatazama juu. Juu ya slabu, lile paa bapa la zege, palikuwa patupu, jua bure, upepo bure. Akamwita fundi.

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, nalo ni kosa la mtu wa Hasamba hasa. Mtu wa Dar es Salaam asingelifanya. Kule Hasamba, ukiulizwa mji wako una nyumba ngapi, unahesabu nyumba. Kihenge hakihesabiwi. Kina paa, kina mlango, kimesimama pale kwa miguu yake, lakini hakuna mwenye akili timamu atakayekiita nyumba. Kwa hiyo Imelda hakuona sababu ya kwenda kuomba kibali kingine. Fundi aliuliza mara moja tu kama hiyo si ghorofa ya pili. Akajibiwa kwamba ni kihenge, na kwa kuwa fundi naye alikuwa mtu wa Mbozi, aliona jibu limejitosheleza. Akapandisha nguzo, akajenga kuta za matofali yenye matundu ili upepo upite, akaezeka bati. Mahindi ya Hasamba yakapanda juu, na maharage, na kahawa kidogo ya kujivunia. Bibi Enesi akafuata na kuku wake, akapewa chumba cha ghorofa ya kwanza kinachotazama barabara.

Kila asubuhi baada ya sala, mama aliuliza, "Kihenge kimeamkaje?" Imelda alijibu kimeamka salama, akapanda ile ngazi nyembamba ya chuma, akachota, akamshushia beseni zima la mahindi. Bibi Enesi aliyamimina kwenye ungo, akapepeta, akachambua, wala hakusema zaidi.

Jirani yao wa ukuta kwa ukuta alikuwa Othmani, mtu wa Tanga aliyekuja Tunduma akiwa utingo na sasa ana malori yake yanayokwenda Kongo. Alikuwa mtaratibu, wa kunyoosha kanzu kabla ya kukaa. Mkewe, Sabra, alitengeneza achari ya maembe iliyosifiwa mpaka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na maembe ya achari lazima yapigwe na jua la asubuhi. Jua hilo likaanza kuchelewa. Lilijificha nyuma ya kihenge cha Imelda, likaja kuonekana uani kwa Sabra wakati maembe yameshaanza kuota ukungu.

Othmani alikuja kwa heshima zote. Safari ya kwanza alieleza habari ya jua. Safari ya pili alieleza makapi ya mahindi yanayopeperuka yakatua kwenye chai. Safari ya tatu alikuja na kibakuli cha mchele wa pilau, na ndani yake walitembea dumuzi, wadudu wa mahindi, wamevuka ukuta bila pasi wala forodha. Imelda alicheka mara zote tatu. Hakucheka kwa dharau; alicheka kwa sababu ndivyo alivyoumbwa, na kila mara alimpa jogoo au mayai ya kupeleka nyumbani. Lakini mtu aliyekuletea shida yake mlangoni hataki kuchekewa. Othmani akala jogoo, akaenda baraza la ardhi na nyumba la wilaya kufungua shauri.

Siku ya kwanza ya shauri mvua ilinyesha. Imelda alikuwa amesimama kando ya barabara, viatu mkononi, akingoja basi lolote, ndipo Noah ya Othmani ilipopunguza mwendo. Kioo kikashuka.

"Panda, Mama Diana," alisema Othmani. "Kesi ni ya huko. Barabara ni ya wote."

Akapanda, na tangu siku hiyo wakawa wanakwenda kushtakiana katika gari moja. Imelda alileta mandazi, Othmani alileta chai ya tangawizi kwenye chupa. Wakili wa Imelda, kijana mkali aliyeitwa Shadrack, aliwaona wakishuka pamoja, akamvuta mteja wake kando na kumwambia kwamba huyo ndiye aliyemshtaki, si shemeji yake. Imelda akampa andazi.

Barazani, afisa mipango miji alitoa ushahidi mfupi: kibali kinaruhusu maduka na ghorofa moja, na jengo lina kitu cha ziada juu yake. Shadrack akasimama na kusema kitu hicho si ghorofa, ni ghala la asili la chakula, halina kitanda wala choo wala jiko. Baraza likaamua kwenda kujionea. Wazee wa baraza walipanda ile ngazi ya chuma wakihema, mmoja baada ya mwingine, na mzee mmoja wa Mbozi alipofika juu alitia mkono kwenye mahindi, akang'ata punje, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Hiki ni kihenge, alisema, na wenzake hawakubisha.

Waliposhuka walimkuta Bibi Enesi amekaa kwenye kiti chini ya ngazi. Mzee yule akamsalimu, akamuuliza kama anakipenda kihenge chake.

"Nasikia ni kizuri," alisema Bibi Enesi.

Watu wakacheka, Imelda akiwa wa kwanza.

Baraza likampa ushindi. Lilisema kihenge si ghorofa, na madai ya jirani yametupwa. Imelda alipika ubwabwa mtaa mzima ukala, Othmani mwenyewe akiwemo, na wakati anafuta mikono alimwambia mwenye nyumba kwa upole kwamba amekata rufaa. Imelda akamwongezea nyama.

Usidhani hakuumia. Aliumia, ila maumivu yake yalikuwa ya kazi za mikono: alifagia alipokwisha kufagia, akapanga masufuria yaliyokwisha kupangwa. Mtu mwingine angedhani anatetea matofali. Yeye alimwona mama yake amelala kwenye tope la Hasamba na kuku wakimdonoa kando ya sikio. Kihenge kikishuka, mama anaondoka, na mama akiondoka, siku atakayoteleza tena huenda jirani hatapita kuomba moto. Hilo hakumwambia mtu. Alicheka nalo, akalala nalo.

Ramadhani ikaja katikati ya rufaa. Sabra alileta bakuli la tambi kama miaka yote, na Imelda hakulirudisha tupu; alilijaza maharage ya kihengeni, akayachambua mwenyewe asije akapeleka dumuzi tena. Wanawake hao wawili hawakuwahi kuizungumzia kesi. Walizungumzia maembe, na Sabra alisema tu kwamba mwaka huo hakutia achari, basi. Imelda alirudi nyumbani akiwa hana hamu ya kula, kwa maana hakuna mtu aliyewahi kumwambia neno zito kwa wepesi namna hiyo.

Mahakama Kuu ilisikiliza rufaa Mbeya. Noah ikapanda milima, mandazi yakaliwa, Othmani akaweka kaseti ya taarab na Imelda akaitikia kiitikio asichokijua. Mahakamani Shadrack alizungumza vizuri mno. Alieleza mila, akaeleza vihenge vya mababu, akaeleza usalama wa chakula. Jaji, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alimwacha amalize, akavua miwani.

"Wakili," aliuliza, "kesho mteja wako akitoa mahindi akaweka vitanda, jengo litapungua urefu?"

Shadrack aliweka makaratasi yake mezani.

"Hapana, Mheshimiwa."

"Na akitoa vitanda akarudisha mahindi, jirani yake atapata jua?"

"Hapana, Mheshimiwa."

Hukumu ilipokuja kusomwa ilisimama juu ya maswali hayo mawili. Sheria ya mipango miji, alisema jaji, haichungulii ndani kuona kilicholala. Inatazama jengo limesimama mpaka wapi. Palipokubaliwa maduka na ghorofa moja, paa na kuta juu yake ni ghorofa ya pili, hata zikihifadhi hewa. Rufaa ikakubaliwa. Kilichozidi kibali kibomolewe, kila upande ubebe gharama zake.

Nje ya mahakama Shadrack alikuwa bado na moto. Alisema Mahakama ya Rufani ipo, na yeye yu tayari. Imelda akasema atamjibu, akaenda kukaa kwenye Noah.

Hapakuwa na taarab wakati wa kurudi. Walipita Mbalizi, wakapita Mlowo, na Othmani, aliyeshinda, alikuwa na uso wa mtu aliyefiwa. Mwishowe alisema kwamba kama ni Mahakama ya Rufani, basi na huko atampeleka, gari litawekwa matairi mapya. Alisema hivyo kumchekesha. Imelda hakucheka, na Othmani akaegesha gari kando, kwa kuwa katika ujirani wao wote hilo lilikuwa halijawahi kutokea.

Ndipo Imelda alipomwambia. Alimweleza goti, na tope, na neno la mama yake kwamba kihenge kikiondoka na yeye ameondoka. Alieleza akitazama mbele, machozi yakishuka bila yeye kuyafuta. Othmani aliinamia usukani.

"Ungeniambia, Mama Diana. Wallahi ungeniambia, nisingekwenda popote."

"Ulipokuja nilikuwa nacheka," alisema Imelda. "Na maembe ya Sabra nayo yalikuwa yanaoza. Jaji hakukosea."

Alifika nyumbani jua likiwa bado juu. Bibi Enesi alikuwa chumbani kwake, ungo mapajani, anachambua. Imelda alipiga magoti mlangoni, jambo asilolifanya tangu alipokuwa msichana, akamwamkia, akamweleza kwamba mahakama imeamua kihenge kishushwe. Akaongeza haraka haraka kwamba wakili anasema bado kuna mahakama nyingine, juu zaidi, na kwamba atakwenda mpaka huko, mama asifunge mzigo kwanza.

Bibi Enesi aliweka ungo chini.

"Kwa hiyo kinashuka?"

"Kinashuka, mama."

"Mpaka chini kabisa?"

Imelda hakuelewa furaha ilikuwa inatoka wapi katika sauti ile.

"Mwanangu," alisema Bibi Enesi, "tangu nimekuja hapa nimekaa chini ya hicho kihenge, na sijawahi kukiona. Goti hili halipandi ngazi ya chuma. Wazee wa baraza wamekiona, jirani amekiona, jaji amesomewa habari zake. Mimi naletewa beseni. Mtu wa kuletewa ni mgeni. Nilikuomba kihenge, ukanipa mlima."

Imelda alibaki amepiga magoti. Alijiona akipanda ile ngazi kila asubuhi, akichota kwa mikono yake mahindi ya mwanamke mwingine, mwanamke ambaye kule kwao hata mumewe hakuthubutu kumchotea. Alikuwa amepanda na kushuka mahakamani kutetea kitu ambacho mwenyewe, mama yake, hajakigusa. Aibu ilimpanda, ikafika masikioni.

"Mbona hukusema, mama?"

"Ulikuwa na raha sana, wewe na ghorofa lako. Halafu ulikuwa unashinda kesi. Nani anamkatiza mtu anayeshinda?"

Hapo Imelda akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini, na mama yake akacheka, na kuku waliokuwa dirishani wakaruka. Kisha akateremka, akasimama mbele ya yale maduka mawili, akatazama chumba cha mabeseni. Kilikuwa cha pembeni, kikavu, mlango wake mpana unatazama mtaa. Kilikuwa palepale tangu siku ya kwanza. Ni yeye aliyekuwa ametazama juu.

Kesho yake alimwambia Shadrack kwamba hakuna rufaa nyingine, akamshukuru, na mabeseni yakahamia kwenye chumba cha masufuria, yakaning'inizwa mpaka wateja wakawa wanaingia wameinama. Fundi yuleyule aliyejenga ndiye aliyebomoa. Othmani alileta wapakiaji wake wa malori, na yeye mwenyewe akakunja kanzu na kubeba tofali, ingawa Imelda alimkataza. Matofali yale yenye matundu hayakutupwa. Yalipangwa upya kwenye madirisha ya chumba cha pembeni ili upepo upite, na mlango ukatiwa kufuli. Ufunguo akapewa Bibi Enesi, akaufunga kwenye ncha ya kitenge chake.

Jua la asubuhi likarudi uani kwa Sabra mara tu kuta ziliposhuka. Alianika maembe kabla hata vumbi la matofali halijatulia. Mama Ghorofa aliendelea kuitwa Mama Ghorofa, kwani ghorofa moja bado ni ghorofa, na kibali kinasema hivyo.

Bibi Enesi sasa hushinda mlangoni pa kihenge chake, kwenye kigoda, ungo mapajani, anasalimiana na mtaa mzima. Wazambia humwamkia kwa lugha yao naye huwajibu kwa Kinyiha, na mazungumzo hayajawahi kukwama. Sabra huja kukaa naye achari ikiwa juani. Boazi alipita na pikipiki mpya, akataka kujichotea debe la kwenda nalo Mkwajuni, na alifukuzwa kwa ungo mbele ya watu.

Imelda naye alisahau, siku za mwanzo. Alitoka jikoni na bakuli, akili iko kwenye ugali, akapita mlangoni moja kwa moja, akainamia gunia.

"Nani huyo?" alisema mama yake pale kwenye kigoda, bila kugeuka.

"Ni mimi, mama."

"Toka. Bisha hodi."

Imelda akatoka. Akasimama nje ya chumba alichokijenga kwa jasho lake, katika nyumba yenye jina lake, bakuli mkononi, wateja wakimtazama, na moyo wake ukajaa.

"Hodi, mama."

"Karibu, mgeni wangu," alisema Bibi Enesi. Akainuka taratibu kwa lile goti lake, akalichukua bakuli, akachota kwa mkono wake mwenyewe, akalijaza mpaka mahindi yakaanza kumwagika.